Kadi iko kwa bosi, mbwa yuko kwa mlinzi

"Bosi, Simba hajala tangu juzi jioni."

Mlinzi wetu aliniambia hivyo getini, saa 12 na robo asubuhi, gari likinguruma na mimi akili yangu ikiwa imeshafika kwenye foleni ya Mwenge. Nilikuwa nimemwamkia "shikamoo mzee", akaitikia "marahaba bosi", kama tufanyavyo kila siku: umri wake, mamlaka yangu. Nikamwambia labda ni joto. Akasema labda. Akafungua geti.

Kesho yake akaniambia fizi za mbwa zimekuwa nyeupe. Siku ya tatu akasema mkojo umegeuka rangi, uko kama chai ya rangi iliyokolea. Hapo ndipo nilipombeba Simba kwenye buti, nikaenda naye kliniki. Daktari alimtoboa kidogo ncha ya sikio, akalipaka tone la damu kwenye kioo, akainamia darubini, kisha akanisogezea nione mwenyewe. Ndani ya chembe nyekundu za damu kulikuwa na vidudu vya umbo la tone la machozi, viwili viwili, kama mapacha. Babesia. Homa ya kupe.

Akaomba kadi. Nikampa kwa fahari, maana ilikuwa na mihuri yote: kichaa cha mbwa, chanjo ya mseto, dawa ya minyoo. Akaipitisha macho, akaiweka pembeni, akaanza kuuliza. Aliacha kula lini? Mkojo ulibadilika lini? Kupe wa mwisho mlimwona lini, na alikuwa sehemu gani ya mwili? Sikuwa na jibu la uhakika la swali hata moja. Nikampigia simu mlinzi, nikaweka spika, na yule mzee akayajibu yote matatu bila kusita, pamoja na la nne ambalo daktari hakuuliza: kwamba tangu wiki iliyopita Simba alikuwa haamki kwenda getini kunapopita pikipiki.

Simba alikufa usiku wa kuamkia Jumapili. Kadi yake ninayo bado, safi kabisa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaangalia wenzangu wenye mbwa na paka mjini, na ninachokiona ni kilekile. Aliyemnunua mbwa, mara nyingi baada ya wizi kupita mtaani, ndiye mwenye kadi na ndiye anayepigiwa simu na daktari. Anayemlisha, anayefagia banda, anayemfungua usiku na kumfungia alfajiri, anayejua kinyesi cha leo kilikuwaje, ni mtu mwingine kabisa. Daktari anaongea na wa kwanza. Ugonjwa unaonwa na wa pili. Na kati yao hakuna mazungumzo, kuna salamu tu.

Ndiyo maana nikisikia tunavyoelezwa habari za afya ya wanyama wa nyumbani, kuanzia vipeperushi hadi vipindi vya redio, nahisi tumeelekeza sauti kwenye sikio lisilo lake. Tunaambiwa chanja, toa minyoo, mpeleke kwa daktari mara moja au mbili kwa mwaka. Sawa. Lakini siku mbili za mwaka ni za daktari, na siku 363 zilizobaki ni za mlinzi, dada wa kazi, kijana wa bustani na watoto. Kadi inapima siku mbili.

Chukua kupe. Wengi wetu tumekulia kwenye nchi ya ng'ombe, kwa hiyo tukisikia kupe tunafikiria majani na josho. Kupe wa kahawia anayemshambulia mbwa ni kiumbe wa tabia nyingine. Huyu anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya uzio wako bila kuona majani. Anakunywa damu ya mbwa mara tatu, akiwa lava mwenye miguu sita, kisha akiwa kijana, kisha akiwa mkubwa, na kila akishiba anaanguka, anapanda ukuta, anajificha kwenye ufa, chini ya dari ya banda, nyuma ya ubao. Jike lililoshiba linataga mayai kwa maelfu humohumo. Kwa joto la Dar es Salaam, vizazi kadhaa vinapita ndani ya mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba kwa siku yoyote utakayohesabu, kupe wengi hawako kwenye mbwa. Wako ukutani wanasubiri. Ukimwogesha mbwa Jumamosi ukaliacha banda, umefua shati ukalirudisha kwenye tope.

Sasa niambie, nani anajua nyufa za banda? Mimi nimelijenga banda lile na sijawahi kuinama ndani yake. Mzee alikuwa anaziona kupe jike, zile za kijivu zilizovimba kama mbegu za mbarika, zikipanda ukuta wakati wa kufagia, akizichoma kwa kiberiti moja moja. Alidhani najua. Mimi nilidhani hakuna.

Na dawa tunazotumia nazo zina kisa chake. Ukienda duka la dawa za mifugo kuulizia dawa ya kupe, uwezekano mkubwa utauziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, yenye amitrazi, ambayo maelezo yake ya kuchanganya yameandikwa kwa ajili ya ng'ombe. Unampa mlinzi chupa, unamwambia "kifuniko kimoja kwenye ndoo". Kifuniko cha chupa ipi? Ndoo ya lita 10 au 20? Dawa ikizidi, mbwa analegea, anatembea kama mlevi, mapigo ya moyo yanashuka. Halafu yapo matone na poda za mbwa zenye permethrini. Mbwa anaivumilia vizuri. Paka akipakwa anaanza kutetemeka na kupata degedege, na anaweza kufa, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunjavunja kama la mbwa. Nimeshaona dada mmoja akimpaka paka dawa iliyobaki ya mbwa kwa nia njema kabisa, eti asionewe. Nia njema ndiyo inayoua paka wengi kuliko ukatili, nikianza kuhesabu.

Babesia walau haifichi. Kuna mwenzake, Erlikia, bakteria waliotambuliwa kwa mbwa kule Algeria mwaka 1935, ambaye ana subira. Wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa na kupe mbwa anapata homa, anakataa chakula siku mbili tatu, kisha anarudi kama kawaida. Mwenye mbwa anasema kapona. Kumbe kaingia awamu ya kimya, inayoweza kwenda miezi, hata miaka, na mwishoni ugonjwa unashambulia uboho, kiwanda chenyewe cha damu. Siku moja mbwa anatokwa damu puani. Kama kuna wakati wa kumwokoa kirahisi, ni zile siku mbili tatu za mwanzo alizokataa chakula, na hizo ni siku ambazo aliyepo ni mlinzi. Tiba nayo ni vidonge vya doksisaiklini kwa muda wa wiki nne hivi. Wiki ya kwanza mbwa anachangamka, na hapo ndipo dozi inapokatika, kwa sababu mlinzi wa zamu ya Jumamosi hakuambiwa, au kwa sababu bosi kaona haina haja ya kununua pakiti nyingine kwa mbwa anayeruka. Hilo la mwisho nalikiri kwa niaba ya watu wengi ninaowajua.

Jikoni ndiko kwenye hadithi ndefu zaidi.

Chakula cha mbwa wa kawaida wa mjini Tanzania ni pumba ya mahindi iliyopikwa na dagaa, au utumbo na miguu ya kuku, kwenye sufuria nyeusi inayokaa nje. Wanaobeza chakula hiki wakitaka tununue cha mfuko kutoka ng'ambo sikubaliani nao moja kwa moja. Dagaa ni protini nzuri. Nimewaona mbwa wa dagaa waliofika miaka 13 wakiwa na meno. Tatizo langu ni pumba, na hasa namna tunavyoichagua.

Mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutengeneza sumukuvu, ile wataalamu wanayoiita aflatoksini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikatupiga sisi wenyewe, Dodoma na Manyara, watu 20 wakapoteza maisha. Tangu hapo angalau tunajua kwamba unga wenye ukungu hauliwi. Lakini angalia unakwenda wapi. Dada anafungua mfuko, ananusa, anakunja uso, anasema "huu tumpikie mbwa". Na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi na sumukuvu kuliko wengi. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu sumu hiyo inahimili joto la jiko letu. Mbwa anatapika, anapoteza hamu ya kula, fizi na weupe wa macho vinageuka manjano, kinyesi kinakuwa cheusi. Kwa dalili hizo majirani watakwambia karogwa au kalishwa sumu na wezi. Wezi wapo. Ila mara nyingine sumu ilipikwa jikoni kwako, ikapozwa, ikamiminwa kwenye bakuli lake.

Kuna jambo hapa linanisumbua zaidi ya mfuko uliovunda. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu iliyopo inabaki kwenye ganda na kiini, yaani inatoka kwenye sembe inaingia kwenye pumba. Sembe yetu nyeupe ni salama kiasi hicho kwa sababu pumba imebeba mzigo. Na pumba haina harufu mbaya, haina rangi ya ajabu, inauzwa kwa debe na kuwekwa stoo sakafuni hadi mvua za masika ziikute. Anayejua kama gunia la pumba lilikaa juu ya mbao au juu ya sementi yenye unyevu ni anayechota kila jioni. Mimi najua bei yake tu.

Makombo nayo. Mchuzi wa kitunguu unaobaki baada ya shughuli, rosti lenye kitunguu saumu, vyote vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na za paka zaidi, iwe mbichi au vimepikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vijiti vyenye ncha. Haya yanaelezeka kwa dakika 5 mtu akisimama mlangoni mwa jikoni, lakini nani anasimama? Tunayasoma kwenye simu, tunatikisa kichwa, tunapita.

Paka ana shida ya aina yake, kwa kuwa yeye hawezi kabisa kuwa mla ugali. Mwili wa mbwa unajitengenezea taurini, kirutubisho ambacho moyo unakihitaji; anayojitengenezea paka haitoshi. Lazima aipate kwenye nyama au samaki. Mwaka 1987 watafiti wa chuo kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliokuwa wanakufa kwa moyo uliotanuka na kulegea walikuwa na upungufu wa taurini, na walipopewa, mioyo ikarudi. Hao walikuwa wanakula chakula cha kopo cha viwandani. Paka wa kwetu anayepewa ugali uliochovywa mchuzi anaokolewa na panya, mijusi, na vichwa vya samaki. Ukimfungia ndani ya ghorofa asitoke, kumbuka umemwondolea duka lake la dawa. Na ukimchemshia samaki usimwage supu, maana taurini inayeyukia kwenye maji.

Kuhusu panadoli niseme kwa kifupi na kwa ukali. Paka mmoja, kidonge kimoja cha miligramu 500, kinatosha kumuua. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuiondoa parasetamoli, dawa iliyomo ndani ya panadoli. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za rangi ya chokoleti, uso unavimba. Hakuna "nusu", hakuna "robo". Mwambie dada leo jioni, kabla hajamhurumia paka mwenye mafua.

Nimemtaja paka, na paka ndiye anayeiweka hoja yangu kwenye mtihani, kwa sababu yeye hana mlinzi. Bibi yangu Tanga alikuwa na paka sita, na ukimuuliza atakwambia hana paka. Walikuja na samaki, wakakaa. Pwani paka ana heshima yake. Anaingia sebuleni, analala kwenye mkeka wa msikiti, na kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula kila mtoto wa madrasa anakijua. Hakuna anayemfungia. Lakini hakuna anayemwangalia vilevile. Paka anajificha akiumwa, na anakwenda haja zake nje, mchangani, nyuma ya karo. Paka dume mkojo ukiziba, kwa chembechembe kama mchanga au uchafu kwenye njia nyembamba ile aliyonayo, ana siku moja au mbili kabla sumu haijajaa kwenye damu na moyo kusimama. Dalili ni kuchuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, na kulia. Nani atamwona nyuma ya karo? Watu husema "paka kapotea". Nadhani wengi wao hawakupotea.

Mbwa pwani ana hali nyingine. Kwa wengi wetu tulio kwenye fiqhi ya Shafii mate yake ni najisi, ukiguswa unaosha mara saba, moja ikiwa na udongo. Nimesikia matajiri wakilalamika kwamba mlinzi wao Mwislamu "hapendi mbwa". Huenda anampenda kuliko wao, ila ana swala tano. Mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, na kumpa maji mwenye kiu ni thawabu. Ugumu uko kwenye kugusa mate. Mpe glavu, ndoo yake, na koti la kazi la kuvua. Asipotaka kumshika kabisa, bado ana macho, na mengi niliyoyaeleza hapa yanahitaji macho tu.

Niende kwenye kichaa cha mbwa, ambapo jambo la uani linakuwa jambo la nchi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria vifo vya watu kama 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote Afrika na Asia, 99 kati ya kila 100 vikitokana na mbwa, na 4 kati ya kila 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Lengo la kimataifa ni kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Njia inajulikana: ukichanja mbwa 70 kati ya 100 kwenye eneo, na ukarudia kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita. Utafiti wa miaka mingi kuzunguka Serengeti umeonyesha kwamba hata porini pale, kwenye fisi na bweha wote wale, anayeuweka ugonjwa hai ni mbwa wa nyumbani. Pori lenyewe lililipa deni la mbwa wetu mwaka 1994, kwa ugonjwa mwingine, distempa, ulioua simba wapatao 1,000, karibu theluthi ya simba wote wa Serengeti, na mbwa wa vijijini wakawa washukiwa wa kwanza. Distempa ni moja ya magonjwa yanayokingwa na ile chanjo ya mseto niliyokuwa najivunia.

Ukifika kwenye kituo cha kuchanja mbwa kijijini, chini ya mwembe, jambo la kwanza utakaloliona ni umri wa waliowaleta. Ni watoto. Mtoto wa miaka 9 kashika kamba ya katani, mwisho wa kamba kuna mbwa anayejifanya jiwe. Baba ndiye mwenye mbwa kwenye daftari la bwana mifugo, lakini mbwa hamjui baba. Baba akijaribu kumkamata anakimbia. Anayemjua ni huyu anayemmegea ugali wake. Kwa hiyo ukiweka siku ya chanjo Jumanne asubuhi watoto wakiwa shuleni, umeshapoteza mbwa wengi kabla hujafungua boksi la barafu. Na hao tunaowaita mbwa koko, sehemu kubwa yao vijijini kwetu wana kwao. Wana mtoto wao mahali.

Kwa hiyo mtoto ndiye wa kuambiwa pia lile linaloweza kumwokoa: mbwa akikuuma, au akakukwaruza, au akakulamba penye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha sema nyumbani, uende hospitali siku hiyohiyo ukaanze sindano. Watoto wengi huficha kwa kuogopa mbwa wao atauawa, au wao watapigwa. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Hapa kosa la kuongea na sikio lisilo lake halimalizikii kwa mbwa.

Wapo watakaosema, watu hawana dawa zahanati, wewe unatuletea habari za mbwa. Nimeisikia hoja hiyo hata kwa daktari wa binadamu. Jibu langu si refu: Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa wa uvimbe wa maji unaotokana na tegu wa mbwa uliwahi kuwa mkubwa kiasi cha kujulikana duniani kote, watu wakipasuliwa matumbo kutolewa mifuko ya maji mikubwa kama vibuyu. Mbwa kule huishi karibu sana na watoto, na hula matumbo ya mifugo iliyochinjwa. Dawa ya minyoo ya mbwa, kwenye nyumba ile, ni dawa ya mtoto.

Hoja iliyo nzito kwangu ni nyingine, na aliniambia mlinzi mwenyewe, kwa upole. Nilipompata mbwa mwingine, Chui, nikamwomba mlinzi awe ananieleza hali yake kila siku. Akauliza, "Bosi, hiyo ni kazi ndani ya kazi, au ni kazi nyingine?" Swali halali. Kalipwa kulinda mali. Tukisema macho yake ndiyo kliniki ya kwanza, basi kliniki inalipwa. Tulikubaliana nyongeza kwenye mshahara, si kubwa, lakini imeandikwa. Kwa wanaotumia kampuni za ulinzi tatizo ni gumu zaidi, kwa sababu mlinzi anahamishwa lindo kila baada ya miezi, na kila anapohama anaondoka na historia yote ya mbwa kichwani.

Suluhisho tulilipata mezani kwake. Walinzi wana daftari. Gari limeingia saa ngapi, namba gani, fundi bomba katoka saa ngapi. Tulichofanya ni kuchora mstari mmoja wa ziada pembeni, ukaandikwa MBWA. Mwanzoni aliandika "mzima" siku 11 mfululizo, kama askari anavyoandika "hali shwari". Nikamwambia aandike anachokiona, asiniandikie ninachotaka kusikia. Ndipo yakaanza kuja: kala nusu; mavi laini, hakuna damu; fizi nyekundu; kupe wanne katikati ya vidole, mguu wa mbele; kajikuna sana, nimemwagia banda dawa. Mara ya mwisho kwenda kliniki nilisahau kadi nyumbani, nikawa na daftari. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akimlaza Chui kwa mkono mmoja, na akapunguza vipimo viwili alivyokuwa amepanga kuvifanya. Nyongeza ya mshahara ya miezi kadhaa ilirudi siku hiyo.

Jana asubuhi kabla sijatoka nilisoma ukurasa wa usiku. Baada ya gari la jirani na kijana wa maji, kulikuwa na haya, kwa mwandiko wake wa kuinamia kulia:

"Saa 11:20 alfajiri. Chui kala yote. Kupe 1 sikio la kulia, nimemtoa. Yule paka mweupe karudi tena ukutani, anachechemea mguu wa nyuma, kakonda. Sijui wa nani."